Tupeane uzoefu: bima ya gari analoendesha kijana, uliyejaza ukweli na uliyejaza ujanja, yaliwakuta yapi?

Baba Naima
Wakuu habari za jioni. Jana pale Tegeta nimekuta dogo kaingiza Vitz nyuma ya daladala, taa za mbele zote zimekwenda, abiria wanashuka wanamzonga, konda kamkamata shati, na yeye hata habari na konda hana, yupo kwenye simu anauliza "mama usimwambie baba kwanza, ile bima ina jina la nani?" Nikacheka halafu nikanyamaza maana na mimi kijana wangu kapata leseni daraja D juzi tu, IST ya nyumbani nataka aende nayo chuo na jioni apige teksi mtandao apate hela ya bando. Wakala niliyempigia ananiambia mzee jaza matumizi binafsi, hayo ya teksi usiyataje, mbona wenzio wote wanafanya hivyo. Na kweli bei zinatofautiana. Waliopita njia hiyo yakawakuta karibuni, na waliosema ukweli mfuko ukalia karibuni pia. Matusi hapana.

Mchaga Mpole
Nakaa hapa nasoma komenti.

Dada Zuu
Huyo wakala mkimbie. Siku ya ajali yeye hapokei simu. Shemeji yangu alikata binafsi na gari inabeba abiria, kagonga mtu na abiria yupo ndani, abiria huyo huyo ndiye aliyeeleza polisi kwamba ameitwa kwa simu na nauli analipa. Bima wakasema sisi tulikatia gari ya familia, hii teksi hatuijui. Familia ya aliyegongwa ikahamia kwake sebuleni, kila jioni wanakuja kukaa.

Mzee wa Kigamboni
Baba Naima halafu leseni D siyo ya kubeba abiria wa kulipa, na teksi mtandao LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, wanataka kibali. Hapo hata ukijaza fomu kwa uaminifu wa malaika bado dogo hajafika. Aende chuo kwanza.

Binti wa Pangani
Uzi umenigusa hadi nimeacha kupika. Mtoto wa mjomba wangu, wakati huo ana miaka 19, leseni hana, alichukua Harrier ya kaka yake sikukuu ya Krismasi wakati wakubwa wamelala baada ya kula. Gari ya mkopo wa SACCOS, bima kubwa ile inayolipa hadi gari lenyewe, imelipiwa vizuri haina hata deni. Mbele kidogo ya Segera akapinduka. Mungu saidia hakuna aliyekufa, yeye alikuwa peke yake. Kaka mtu kapigiwa simu yuko Dar, akapanda basi usiku huo huo, njiani wakapanga na mjomba kwamba aseme yeye ndiye alikuwa anaendesha, dogo alikuwa abiria. Trafiki kaandika hivyo hivyo, sijui kwa nini na sitaki kujua. Sisi tukaona yameisha, tunangoja malipo. Kumbe kule hospitali nesi wakati anajaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, alimuuliza dogo ulikaa upande gani, mtoto wa watu kapasuka midomo, anatetemeka, kajibu "mimi ndo dereva". Imeandikwa. Na alama ya mkanda imemchora kutoka bega la kulia kushuka, mnajua dereva wetu anakaa kulia. Yule mkaguzi wa bima alikuja mtu mpole sana, hagombi, anaitika tu, akaomba kaka aingie kwenye gari akae kama alivyokuwa amekaa siku ile. Kaka ni mrefu, mlangoni kwetu anainama. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho kwa sababu dogo ni mfupi, kaka kujaribu kukaa magoti yakagota kwenye usukani, mguu wa pili ukabaki nje. Hakuna aliyesema neno pale. Mkaguzi kapiga picha, kashukuru, kaondoka. Barua ya kukataliwa ikaja, mkopo unaendelea kukatwa kwenye mshahara wa kaka kila mwezi kwa gari lililokuwa limelala yadi linaota majani, na polisi wakawaita tena wote wawili kuhusu maelezo ya uongo. Mpaka leo kaka na mjomba wanaongea kwa kupitia shangazi.

Mchaga Mpole
Duh. Nimesimama.

Chaji Asilimia Moja
Chai hii. Gari limepinduka halafu kiti kimebaki pale pale kwenye reli? Dada umeongeza sukari.

Fundi Keko
We Chaji unaongea usichokijua. Kiti kikishalock kwenye reli hakitembei kwa kupinduka, labda reli yenyewe ing'oke na sakafu. Mimi nimefungua gari zimeviringika mara tatu kiti kipo. Hata kioo cha ndani huwa kinawachoma watu, kinabaki kimeelekea macho ya aliyekuwa anaendesha.

Chaji Asilimia Moja
Kioo hicho hicho kinachodondoka ukifunga mlango kwa nguvu?

Fundi Keko
Cha gari lako la gundi ndio kinadondoka.

Binti wa Pangani
Chaji njoo Pangani nikuonyeshe hilo gari, kuku wanatagia humo.

Leicester Bongo
Huku Uingereza huo mchezo wa kuweka jina la mzazi una kesi yake kabisa. Bei ya kijana wa miaka 18 ni pasua kichwa, inaweza kupita bei ya gari lenyewe, kwa hiyo watu wanajaza mama ndiye dereva mkuu na mtoto dereva wa ziada, kumbe mama anapanda basi na gari linalala chuoni kwa mtoto. Wakigundua bima inafutwa na ukishafutiwa bima unakitaja kitu hicho kila unapoomba bima nyingine. Kuna na mabroka hewa, wanatangaza mitandaoni "bima ya vijana nusu bei", niliyekuwa naishi naye nyumba moja, Mkenya, alinunua kwa WhatsApp, katumiwa karatasi safi ina nembo na namba. Polisi wa huku wana kamera inasoma plet namba. Wakamsimamisha, gari halina bima, likapakiwa kwenye breakdown mbele yake. Faini pauni 300 na pointi 6, na sheria ya huku ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo leseni inafutwa, unaanza upya na lena. Jamaa alilia siyo kwa faini, kwa ule mtihani.

Mwalimu Mstaafu
Leicester, hapo umechanganya. Kwetu bima inafuata gari na siyo mtu. Sera nyingi zinasema mwenye gari au yeyote aliyemruhusu, ilimradi ana leseni halali. Baba Naima akiandika jina lake ni sahihi, kadi ya gari ni yake. Usimtishe mzee wa watu kwa sheria za Malkia.

Leicester Bongo
Malkia alishafariki mwalimu, ni Mfalme sasa. Na sijasema jina, nimesema kudanganya swali uliloulizwa. Fomu ya huku inauliza nani anaendesha zaidi, fomu ya huko inauliza gari inatumika kwa nini. Kila nchi ina swali lake la kumkamata muongo.

Dada Zuu
Hapo mwalimu kapigwa.

Mwalimu Mstaafu
Sijapigwa. Nimesema jina ni sahihi, matumizi sijayagusa.

Mswahili wa Likoni
Na huku Mombasa pia mwenye gari akiruhusu mtu sawa, lakini msisahau eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Dereva akiwa chini ya miaka 25 au leseni yake bado changa, kampuni nyingi zinakata eksesi ya ziada kwenye malipo. Ndugu yangu alidhani akiwa na bima kubwa basi atalipwa yote, kwenda kuchukua gari gereji anaambiwa kuna ya kawaida na kuna ya kijana, azilipe zote mbili ndipo gari litoke. Hakuna aliyemuibia, ilikuwa imeandikwa ukurasa wa nyuma kwa maandishi madogo kama chungu.

Mzee wa Kigamboni
Na stika msisahau. Mkishalipa ingieni TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, muweke namba ya gari muone kama imesoma, jina la kampuni na tarehe ya kuisha. Dakika moja tu. Kuna watu wanatembea na bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, waliyolipa kwa mtu kwenye kibanda, kule kwenye mfumo hawapo.

Chaji Asilimia Moja
Ushauri wangu: dogo apande mwendokasi.

Dada Zuu
Mwendokasi na uzi huu wapi na wapi wewe.

Leicester Bongo
Kwa wenye watoto huku: fanyeni kinyume. Bima iwe ya mtoto, mzazi ndiye awe dereva wa ziada kama kweli huwa anaendesha, bei mara nyingi inashuka na ni halali. Na kile kisanduku cheusi kinachorekodi spidi na breki, watoto wanakichukia, ila kinapunguza.

Mchaga Mpole
Mimi nasema asimpe gari kabisa mpaka aoe.

Fundi Keko
Akioa ndo atagonga zaidi, mawazo.

Baba Naima
Wakuu asanteni. Nimempigia wakala mwingine, mwanamke, nikamweleza yote pamoja na umri wa dogo. Kasema kwa sasa nikate binafsi kweli kweli, teksi isiwepo hata siku moja, na siku dogo akipata daraja linalotakiwa na kibali nirudi tubadilishe nilipe tofauti. Nimemwambia aniandikie hayo kwa meseji, kaandika. Dogo kanuna, kafunga mlango wa chumba.

Binti wa Pangani
Na ufunguo wa gari lala nao. Hasa Krismasi.

Chaji Asilimia Moja
Hapo naunga mkono hoja. Swali la nje ya mada, mimi nina bodaboda nimemkodishia mtu, bima niliyokata ni ya kwangu binafsi, hiyo nayo ni ile ile au?

Mzee wa Kigamboni
Chaji ndiyo maana ulikuwa unaita watu chai.

Chaji Asilimia Moja
Jibuni swali wazee.