Duathlon wakati wa baridi kali: mtu wa Mtwara ajiandaeje?

Mbio_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Januari nitakuwa Ujerumani kimasomo, na mwisho wa mwezi huo kuna duathlon ya barabarani nataka kushiriki: kukimbia km 5, baiskeli km 20, kumalizia kukimbia km 2.5. Wanasema itakuwa kati ya nyuzi 0 na 5. Baiskeli yangu ni ya mashindano, tairi za mm 25, breki za kubana rimu. Sasa hivi ni Oktoba, joto la huku mnalijua. Nifanye mazoezi gani, na siku yenyewe nivae nini?

Kocha_Ligula
Kwanza tangazo lisome hadi mwisho. World Triathlon, shirikisho la dunia la michezo hii, wana duathlon ya theluji ambayo ni kukimbia na kuteleza kwa ski, baiskeli haimo kabisa. Yako, kwa umbali huo, ni sprinti (duathlon ya umbali mfupi) ya kawaida iliyoangukia msimu wa baridi.

Miguu isikutie wasiwasi, jasho ndilo la kuogopa. Kwenye nyuzi 0, ukikimbia kwa kasi ya km 12 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Ukipanda baiskeli ukaenda km 35 kwa saa, inakuwa kama 7 chini ya sifuri, na hapo fulana umeshailowesha kwenye zile km 5. Kwa hiyo pamba usiiguse. Ndani vaa fulana nyembamba ya polista au ya sufu laini, inayobana mwili. Juu yake kizibao cha kuzuia upepo chenye zipu ndefu: unaifungua ukikimbia, unaifunga hadi shingoni kabla hujapanda baiskeli. Masikio yafunikwe kwa kofia nyembamba inayoingia chini ya helmeti. Kwenye mstari wa kuanzia unatakiwa usikie baridi kidogo. Ukiwa umejisikia vizuri pale, umevaa kupita kiasi.

Mazoezi: Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi ni kama km 20, umbali wako kamili. Ukishuka tu kwenye baiskeli, kimbia km 2.5 bila kupumzika, mara moja kwa wiki inatosha. Toka alfajiri, taa mbele na nyuma, maana msimu huu malori ya korosho yanakuwa mengi barabarani. Mapigo ya moyo ya Oktoba usiyachukue kama kipimo cha Januari. Joto linayapandisha hata kwa mwendo uleule. Kule utajikuta unakwenda kasi bila kusikia uzito, kisha km 2.5 za mwisho zinakuadhibu. Km ya kwanza kimbia taratibu, sekunde 10 hivi zaidi ya muda unaotumia kwa kila km kwenye mbio zako za km 5.

Fundi_Mikindani
Mimi niongelee baiskeli. Upepo wa tairi unashuka baridi ikiingia. Ukijaza PSI 80 (kipimo cha presha ya tairi) ndani ya nyumba yenye nyuzi 20, ukatoka nje kwenye 0, unabaki na 73 au 74. Iache baiskeli nje nusu saa ndipo upime na kujaza. Barabara ikiwa imelowa, teremsha PSI 5 hivi kutoka kipimo chako cha kawaida.

Rimu iliyolowa haishiki mara moja. Mizunguko ya kwanza ya gurudumu inafuta maji tu, kwa hiyo gusa breki mapema kidogo, kisha ubane. Kata mwendo kabla ya kona, sio ndani ya kona. Barafu nyembamba isiyoonekana hukaa kwenye madaraja na sehemu zenye kivuli: hapo baiskeli iwe wima, acha kupiga pedali, breki ya mbele usiiguse.

Kule wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo inakula mnyororo kama hewa ya bahari ya hapa kwetu. Tumia mafuta mazito ya hali ya mvua, na ukimaliza osha kwa maji ya kawaida siku ileile, kausha, paka upya.

Mbio_Shangani
Kocha, shikamoo na asante. Fundi, nimekuelewa. Glavu nizivae baada ya kukimbia, kwenye kituo cha kubadilishia ninapochukua baiskeli, au?

Kocha_Ligula
Marahaba. Ndiyo, vaa pale. Ukikimbia nazo mikono itatoa jasho.

Dada_Chuno
Kocha, hapo naomba nipingane nawe kwa heshima. Mkono wenye unyevu uliokufa ganzi hauingii kwenye glavu, unapoteza nusu dakika ukivuta kidole kimoja kimoja. Avae nyembamba tangu mwanzo, na zile nene za kuzuia upepo ziwe pana kiasi cha kuingia juu yake.

Kinachowaponza watu mashindanoni ni kifungo cha helmeti. Kanuni inataka kiwe kimefungwa kabla hujaondoa baiskeli kwenye reli ya kuiegeshea, na kisifunguliwe mpaka umeirudisha. Hilo unaweza kulifanyia mazoezi hukohuko Mtwara. Nunua barafu wanayohifadhia samaki, iweke kwenye ndoo ya maji, zamisha mikono dakika mbili (usizidishe), ifute, kisha funga helmeti, vaa viatu vya pedali, badilisha gia. Utaona kidole gumba ndicho kinachogoma. Rudia mpaka unafunga bila kuangalia. Kamba za raba za kukimbilia zivue, weka za mpira zisizofungwa.

Vidole vya miguu: zungushia karatasi ya aluminiamu juu ya soksi, upande wa mbele tu, na uzibe matundu ya viatu vya baiskeli kwa gundi ya utepe.

Kocha_Ligula
Kwa glavu umenishinda, dada. Afuate hilo.

Niongeze moja. Ukiwa njiani jaribu kugusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Vikishindwa kukutana, au ulimi ukianza kuwa mzito, simama na umwite mhudumu. Na mfuko wa nguo kavu, fulana ya ndani ikiwemo, uukute pale pale unapomalizia. Vua zilizolowa kwanza, chai baadaye.

Mbio_Shangani
Kesho naenda kutafuta barafu.