MREJESHO: Ile 29-6 haikuwa kosa la uchapaji

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kuhusu kipande cha gazeti alichonionyesha mzee jirani yangu hapa Kansas City: mechi ya besiboli, Chicago White Sox 29, Athletics 6. Nilidhani mchapaji alitaka kuandika 9.

Hakukosea. Ni Aprili 23, 1955, papa hapa mjini. Kinachoniuma ni kwamba Athletics ndiyo kwanza walikuwa wamehamia kutoka Philadelphia. Mji ulikuwa bado unasherehekea timu mpya, msimu hata mwezi haujatimia, wanapigwa hivyo nyumbani! Na aliyeanza kuwarushia White Sox mpira kwa upande wa Athletics alikuwa Bobby Shantz, mchezaji bora wa Ligi ya Amerika (moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani) mwaka 1952.

White Sox walipiga mipira 29 iliyowafikisha salama kwenye kituo, saba ikivuka uzio. Mdakaji wao (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji), Sherm Lollar, ndiye kanishangaza. Kupiga vizuri mara mbili katika kipindi kimoja ni adimu, maana lazima wenzako wote wazunguke zamu ikurudie. Yeye alifanya hivyo kipindi cha pili, akarudia cha sita.

Boston Red Sox nao walifikisha alama 29 katika mechi moja mwaka 1950. Hakuna timu ya Ligi ya Amerika iliyovuka hapo hadi Agosti 2007, Texas Rangers walipoipiga Baltimore Orioles 30-3.

Jana nimempelekea mzee majibu. Alipitisha kidole kwenye karatasi ile ya manjano, kikasimama kwenye jina la Shantz. Hakusema kitu. Asanteni sana mlionielekeza.