Filamu ya The Martian: tuwaonyeshe watoto wa darasa la sita au tuwazuie?

Katika kikao cha wazazi kilichofanyika hapa Mbeya mjini, mwalimu wa sayansi aliomba ridhaa yetu ya kuwaonyesha wanafunzi wa darasa la sita na la saba filamu ya The Martian siku ya kufunga muhula, na ombi hilo likatugawa. Waliopinga walisema kwamba filamu hiyo ina damu na matusi, kwamba mambo yake ni ya kubuni na yatawapotosha watoto, na kwamba mtoto anayeipenda hadithi ile ni heri apewe riwaya yenyewe aisome. Mimi naunga mkono ombi la mwalimu, na kwa kuwa kikao kilivunjika bila uamuzi, naleta hoja yangu hapa ili wazazi wenzangu waijadili.

Filamu hii ilitoka mwaka 2015 chini ya uongozaji wa Ridley Scott, ikitokana na riwaya ya Andy Weir, ambaye mwanzoni aliiweka sura baada ya sura kwenye tovuti yake mwenyewe. Mtaalamu wa mimea, Mark Watney, anaachwa peke yake katika sayari ya Mirihi baada ya wenzake kuamini kwamba dhoruba imemuua. Chakula hakimtoshi hadi msaada ufike, hivyo anachukua viazi mviringo vibichi vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya sikukuu, anachanganya udongo wa Mirihi na kinyesi, anatengeneza maji kutokana na mafuta ya roketi yanayoitwa haidrazini, kisha analima ndani ya makazi yake. Hakuna adui, hakuna bunduki, wala hakuna anayekufa.

Damu ipo, sikatai. Mapema kabisa Watney anachomoa kipande cha chuma tumboni mwake na kulibana jeraha kwa pini, na baadaye kuna mahali anaonekana kwa nyuma akiwa hana nguo, amekonda sana kwa njaa. Matusi ya Kiingereza yapo pia, ingawa si mengi. Huko Marekani wazazi walitahadharishwa kuhusu watoto walio chini ya miaka 13, na naona tahadhari hiyo ni ya haki. Lakini anayesema mtoto apewe kitabu badala ya filamu, nina wasiwasi kwamba hajakifungua, kwa sababu riwaya ile inaanza na tusi katika sentensi yake ya kwanza na inaendelea hivyo hivyo, kiasi kwamba mwaka 2016 lilitolewa toleo maalumu la shuleni lililosafishwa lugha. Katika jambo hili filamu ndiyo yenye staha kuliko kitabu. Isitoshe, watoto wetu hawa hawa wanaingia kwenye vibanda umiza na kutazama watu wakichinjana, huku mtafsiri akiongeza matusi ambayo hayamo hata katika filamu yenyewe, na hakuna aliyeitisha kikao kwa ajili hiyo.

Hoja ya kwamba filamu itawapotosha ndiyo iliyonifanya niandike. Nilipoitazama nyumbani na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, alikuwepo pia mtoto wa kaka yangu, ambaye baba yake analima viazi Umalila. Watney alipoanza kuvikata viazi vipande vipande, akihakikisha kila kipande kina macho, yule mtoto akasogea mbele ya kiti na kusema, "Baba mdogo, mbona anavikata? Baba anasema mbegu iliyokatwa inaoza, na kisu kinahamisha mnyauko." Nikasimamisha filamu. Tukazungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia: kwamba mkulima wa Umalila anapanda kiazi kidogo kizima kwa sababu udongo wake unaweza kuwa na vimelea vya mnyauko, na kwamba mtu mwenye viazi vichache tu, katika udongo usio na ugonjwa huo, analazimika kuvikata ili mbegu iongezeke. Mtoto aliyeuliza swali lile hakupotoshwa. Alikuwa anaipima filamu kwa elimu ya shambani kwao.

Na makosa ya kisayansi yamo kweli. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, shinikizo lake halifiki asilimia 1 ya shinikizo la hewa yetu, kwa hiyo upepo wa kule hauwezi kutishia kuiangusha roketi kama inavyoonyeshwa, na mwandishi mwenyewe amekiri hilo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua katika udongo wa Mirihi chumvi za pakloreti, ambazo zina sumu, na filamu haizitaji. Kwa upande mwingine, Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichopo Lima, Peru, kilijaribu kuotesha viazi katika udongo wa jangwani ndani ya chombo kilichoiga mazingira ya Mirihi, na mwaka 2017 kikatangaza kwamba viliota. Mwalimu akiyapata haya, ana somo zima mkononi.

Jambo linalonipa hofu ya kweli halikutajwa na yeyote kikaoni, nalo ni kinyesi. Mtoto wa mjini anaweza kuicheka sehemu ile, lakini wa kijijini anaweza kwenda kuijaribu kwenye bustani ya mboga, na kinyesi kibichi cha binadamu huleta minyoo, kuhara na kipindupindu. Hapo mwalimu asimamishe filamu na aseme wazi. Vivyo hivyo kwenye haidrazini na ule moto unaomlipukia Watney.

Ninachopendekeza ni kwamba filamu ionyeshwe kwa madarasa hayo mawili tu, wadogo zao wabaki nyumbani, mzazi anayetaka kukaa na mwanawe akaribishwe, na sehemu ya jeraha irukwe. Mzazi anayeendelea kupinga namwomba ataje ni tukio lipi linalobaki baada ya hapo ambalo mtoto wa darasa la sita hapaswi kuliona, na atueleze kwa nini.