Wiki ya 34, tumbo linakaza nikiwa kazini: nifanye nini bila kuacha zamu katikati?

MamaKijacho34

Habari zenu wapendwa. Mimba ya kwanza, wiki ya 34. Kazi ni ya kaunta, kusimama karibu saa 8 na mapumziko ya nusu saa katikati. Tumbo hukaza lote kwa pamoja, linakuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo, linakaa hivyo nusu dakika hadi dakika nzima, kisha linaachia. Haliumi sana, ila pumzi inakuwa fupi na inabidi nitulie kwanza huku mteja anasubiri. Asubuhi hakuna kitu. Kuanzia saa 8 mchana ndipo linaanza, mara 2 au 3 kwa saa, bila mpangilio. Kliniki walipima wakasema ni uchungu wa uongo. Damu hakuna, maji hayatoki, mtoto anacheza vizuri.

Naomba kujua: kuna namna ya kuipunguza mikazo hii bila kuondoka kaunta? Siku ikigeuka kuwa ya kweli nitaitambuaje katikati ya kelele za kazi? Na mwajiri aombwe nini hasa, maana "kazi nyepesi" kila mtu anaielewa kivyake.

Mkunga_wa_Zamu

Hongera kwa kufika hapo, dada. Mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli hujikaza. Huu unajikaza bila kuufungua mlango wa kizazi, ndiyo maana unakuja na kuondoka ovyo. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mikazo hii mwaka 1872, kwa hiyo ukiona jina hilo kwenye kadi ya kliniki usishtuke, ni huo huo uchungu wa uongo.

Kwamba inaanza saa 8 mchana inaeleza mengi. Kufikia muda huo umeshasimama saa nyingi, umekunywa maji kidogo ili usiende msalani kila mara, na kibofu kimejaa. Vyote vitatu huuchokoza mfuko wa uzazi. Kibofu kimekaa mbele yake kwa chini, kikijaa kinausukuma. Kujinyima maji na kubana mkojo kwa pamoja ndilo kosa kubwa la kazi za kaunta: mtu anadhani anapunguza safari za msalani, kumbe anaongeza mikazo, na mkojo uliobanwa unakaribisha maambukizi.

Kwa hiyo usisubiri mchana. Kunywa glasi moja ya mililita 200 hadi 250 kila saa tangu zamu inapoanza. Kwa saa 8 utakuwa umepata lita 1.6 hadi 2. Usinywe lita nzima kwa mkupuo wakati wa mapumziko, utajaza kibofu na kurudi kule kule. Msalani nenda kila baada ya saa 2 hata kama hujabanwa. Angalia rangi ya mkojo: njano iliyofifia ni sawa, njano iliyokolea maana yake maji bado hayatoshi.

Tumbo likikaza, badilisha ulichokuwa unafanya. Ulikuwa umesimama, kaa. Ulikuwa umekaa muda mrefu, inuka utembee pole pole. Legeza mabega na taya, vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, itoe mdomoni kwa hesabu ya 6. Usibane pumzi, wengi hubana bila kujijua, na ndiyo inayoleta ile hali ya kuishiwa hewa. Likishaachia, nenda ukojoe, kunywa glasi mbili, na kama kuna pa kulala, lalia ubavu wa kushoto nusu saa. Chali hapana, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na kizunguzungu huanzia hapo.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Uchungu wa uongo hutulia ukibadilisha mkao, ukikojoa, ukinywa maji na kupumzika. Wa kweli haujali umekaa au umelala, unaendelea, unasogeleana na kuongezeka nguvu. Ugumu wa tumbo peke yake hauamui. Sisi wakunga hupima kwa ncha za vidole juu ya kitovu: mkazo hafifu unabonyea kama ncha ya pua, wa kati kama kidevu, mkali haubonyei kabisa, kama paji la uso. Hata wa uongo unaweza kuwa kama paji la uso kwa dakika moja. Kinachoamua ni mfuatano.

Weka kidaftari kidogo mfukoni. Andika saa mkazo ulipoanza na sekunde ulizodumu. Muda kati ya mikazo unahesabiwa tangu mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, siyo tangu ulipoachia. Ukurasa wa uchungu wa uongo unasomeka hivi: 8:05, sekunde 40, 8:26, sekunde 25, 8:58, sekunde 50, kisha kimya hadi 9:40. Ukurasa unaotia wasiwasi: 8:05, sekunde 40, 8:15, sekunde 45, 8:24, sekunde 50, 8:31, sekunde 55, 8:37, sekunde 60. Katika kelele za kazi kumbukumbu inadanganya. Karatasi haidanganyi.

Na hapa naomba uniangalie machoni. Kabla ya wiki 37 kamili, usingoje uchungu uwe mkali. Mikazo ikifika 4 au zaidi ndani ya saa moja, na umeshakojoa, umekunywa maji na umepumzika lakini haijatulia, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haiumi. Uchungu wa kabla ya wakati mara nyingi huanza kwa upole: maumivu kama ya hedhi, mgongo wa chini unaouma bila kuachia, uzito unaosukuma nyonga kwenda chini, ute ulioongezeka au kubadilika rangi. Wanaosoma hapa wakiwa chini ya wiki 34 wasipuuze kabisa, kwa sababu zipo sindano za kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa, na zinahitaji muda mwilini kabla hajazaliwa. Saa ulizokaa ukijishauri ndizo zinazopotea.

Baada ya wiki 37, kwa mimba ya kwanza yenye afya, kawaida ni mikazo ya kila dakika 5, kila mmoja ukidumu dakika 1, kwa muda wa saa 1. Aliyewahi kuzaa, au anayekaa mbali na hospitali, aondoke mapema zaidi.

Vipo visivyohitaji kuhesabiwa, katika wiki yoyote: damu, chupa kupasuka (hata maji yakichirizika kidogo kidogo), mtoto kupunguza kucheza, tumbo kuwa gumu na kuuma bila kuachia kabisa, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu au uso kuvimba. Funga kaunta, nenda.

Viungo_na_Mkao

Mkunga amemaliza habari ya maji, niongeze ya mkao. Kusimama wima miguu yote miwili pamoja kwa saa nyingi hukusanya damu miguuni na kuukaza mgongo wa chini. Weka kiboksi imara cha kimo cha sentimita 10 hadi 15 chini ya kaunta, pandisha mguu mmoja, badilisha kila dakika chache. Nyonga inalegea papo hapo. Stuli ndefu yenye pa kuwekea miguu ni bora zaidi, maana unaweza kuhudumia ukiwa umekaa nusu. Ukikaa, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti na nyayo zisining'inie.

Ukigeuka kuchukua kitu nyuma yako, geuza miguu kwanza, mwili ufuate. Kujisokota kiunoni huku miguu imebaki pale pale kunaleta maumivu ambayo wengi huyaita uchungu wa uongo, na siyo. Yale ni ya kano, yaani nyuzi imara zinazoushikilia mfuko wa uzazi: yanachoma upande mmoja kwenye kinena, yanadumu sekunde chache, yanakuja ukiinuka ghafla, ukigeuka au ukikohoa. Gusa tumbo wakati huo. Kama ni laini, haukuwa mkazo, usiuandike kwenye daftari.

MamaKijacho34

Asanteni sana, jamani. La kubana mkojo limenigusa moja kwa moja. Nina mawili zaidi. Kazini kuna diklofenaki kwenye boksi la huduma ya kwanza na wenzangu wananishauri nimeze moja zamu ikiwa ndefu. Pia nimeambiwa suluhisho ni kulala tu kitandani hadi nijifungue. Na mkanda wa tumbo unasaidia?

Mkunga_wa_Zamu

Diklofenaki usiiguse, mama, wala ibuprofeni. Mimba ikiwa kubwa, dawa za kundi hilo zinaweza kuubana mshipa ambao damu ya mtoto inautegemea kabla hajazaliwa, na kupunguza maji yanayomzunguka. Waambie na wenzako, kwa sababu wanakupa kwa nia njema kabisa. Parasetamoli ndiyo kawaida hutumika, kwa kipimo utakachopewa kliniki. Lakini uchungu wa uongo hauhitaji dawa. Ukiona huwezi kumaliza zamu bila kumeza kitu, hiyo yenyewe ni sababu ya kupimwa upya.

Kulala kitandani mchana kutwa hakujaonekana kuzuia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na kuna madhara yake: damu kuganda miguuni, misuli kulegea, usiku usingizi kukosekana. Kupumzika vipande vipande ndani ya siku ni jambo jingine, hilo lifanye.

Ukirudi kliniki omba wapime mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo huuchokoza mfuko wa uzazi, na kwa mjamzito yanaweza kuwepo bila kuchoma wala homa. Mikazo iliyokuwa 2 kwa saa ikipanda ghafla bila sababu, mkojo ni wa kuangaliwa mapema.

Viungo_na_Mkao

Mkanda: unapunguza uzito unaovuta mgongo na kinena, mikazo hauzuii. Pitisha chini ya tumbo na juu ya mifupa ya nyonga, usikatishe katikati ya tumbo. Vidole viwili viingie kwa urahisi kati ya mkanda na ngozi. Uvae wakati wa kusimama na kutembea, uuvue ukikaa au kulala. Ukiacha alama nyekundu zisizofutika, umebana mno.

Usalama_Kazini

Nijibu la mwajiri. Umesema kweli, "kazi nyepesi" haina maana mpaka iwe na vipimo. Barua ikisema "apewe kazi nyepesi", msimamizi atakuhamishia sehemu nyingine ya kusimama na atadhani ametimiza. Mwombe daktari au mkunga aandike vitu vinavyohesabika: asisimame zaidi ya saa 1 mfululizo, apewe kiti hapo hapo kaunta, mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa 2 pamoja na yale ya kawaida, maji karibu na ruhusa ya msalani bila kuomba, asiinue wala kusukuma mizigo, asipangwe usiku wala karibu na joto kali. Barua iwe na wiki ya mimba na tarehe ya mapitio. Bila tarehe inasahaulika. Baki na nakala.

Ukitaka msingi wa kimataifa, Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unasema mjamzito asilazimishwe kufanya kazi iliyothibitika kuwa na madhara kwake au kwa mtoto. Pendekezo namba 191 la mwaka huo huo linataja waziwazi kuinua mizigo kwa mikono, kukaa au kusimama muda mrefu, na joto kali. Mkataba unazibana nchi zilizouridhia, kwa hiyo kagua sheria ya kazi ya nchi yako kwanza. Hata pasipo mkataba, msimamizi mwenye akili atakubali kiti kuliko kukupoteza katikati ya zamu.

Halafu chagua mtu mmoja wa zamu yako, mmoja tu, umwambie wazi: "nikikuonyesha mkono wazi, shika kaunta yangu, usiulize kwanza". Ukiwaambia wote, kila mmoja atadhani mwenzake ameona. Huyo mmoja ajue kadi ya kliniki iko mfuko gani wa mkoba, namba ya ndugu wa kupigiwa, hospitali gani, na usafiri unatoka wapi saa za jioni ambapo magari ni ya shida.

Mkunga_wa_Zamu

Ongeza pedi mbili kwenye huo mkoba. Ukihisi umelowa ghafla ukiwa kaunta, vaa pedi safi, utulie nusu saa, kisha itazame. Mkojo unajulikana kwa harufu na kwa kawaida haurudii. Maji ya chupa huendelea kutoka, hasa ukiinuka au kukohoa, na hayana harufu ya mkojo. Yakiwa ya kijani au kahawia, ina maana mtoto amejisaidia ndani. Usingoje hata hiyo nusu saa. Pedi usiitupe, njoo nayo, tutaiangalia.