Naomba ushauri: orlistat pamoja na dawa ya tezi ya shingo

Habari zenu wapendwa. Daktari kaniandikia orlistat, dawa ya kupunguza uzito, ya miligramu 120, kidonge kimoja kila mlo, mara tatu kwa siku. Kinazuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, yanatoka na choo. Na yanatoka kweli! Nikila chapati au samaki wa nazi, chooni naona mafuta ya rangi ya chungwa yanaelea, na gesi haina adabu. Kwenye daladala siku hizi nakaa dirishani. Mlo usio na mafuta naruka kidonge, hilo halina shida.

Shida ni ratiba. Nameza levothyroxine, ndiyo hiyo dawa ya tezi, saa 11 alfajiri, na hizi mbili zinatakiwa zipishane kwa muda wa saa 4. Chai na maandazi ni saa 1. Mliotumia zote mbili, mlipangaje? Multivitamini nameza usiku nikilala, maana orlistat hupunguza vitamini A, D, E na K.

Halafu mama mdogo anataka nimgawie, naye anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda! Namkataliaje bila ugomvi?

Wauza chai za kukata tumbo, inboksi yangu mniachie.