Mrejesho: mvuke wa asidi kiwandani kwetu, Lubumbashi

Wandugu, niliwauliza kama sisi tunaosafisha shaba tunaweza kukataa kukaribia matangi ya asidi ya salfuriki bila barakoa za kuchuja mvuke, nanyi mkanishauri nisimwendee mkubwa wa kazi peke yangu, bali nipitie kwa delege wa sendika, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Nimefanya hivyo. Delege aliyaandika malalamiko yetu, kisha akaitaka kamati ya usalama na usafi, inayotajwa katika Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, ikague matangi yenyewe na si barakoa tu. Hilo lilinifurahisha sana, kwa maana mvuke unaounguza koo na kula meno unapaswa kuzuiwa kwenye chanzo chake kabla haujamfikia mtu. Alikumbusha pia kwamba Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi.

Barakoa zimefika, na hakuna aliyekatwa mshahara. Mitambo ya kuvuta mvuke bado. Kuhusu maji machafu yanayoelekea mtaroni, ambako akina mama hulima mboga, sendika imeyaingiza katika ajenda ya kikao kijacho.