Familia ya Babu: kadi ya Baba Nuru

*Jumapili, 14 Desemba 2025*

Da Mwana 20:02
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Baba Nuru, leo usinipite kimya. Zimebaki siku 17 mwaka kwisha. Grini kadi ulipewa Novemba 2019, sivyo?

Da Mwana 20:19
Tiki za bluu nimeziona.

Baba Nuru 20:41
Shikamoo dada. Ndiyo, Novemba 2019. Lakini si nilisharudi tangu mwaka juzi? Kadi iko kabatini, itakufa yenyewe.

Da Mwana 20:43
Marahaba. Hapo ndipo unapokosea mdogo wangu. Nimekaa na mhasibu leo saa nzima. Kadi kuisha muda hakukuondoi kwenye vitabu vya IRS, watu wa kodi wa Marekani. Mpaka upeleke Fomu I-407, ya kuacha ukaazi, na kadi yenyewe, kwao wewe ni mkaazi, na kipato chako cha popote duniani wanakitaka kwenye ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka.

Da Mwana 20:46
Halafu hesabu yao si ya miezi. Ukiwa na kadi hata siku moja ndani ya mwaka, mwaka huo umehesabiwa. 2019, 20, 21, 22, 23, 24, 25. Tayari 7. Tarehe 1 Januari ikikukuta nayo, 8. Na mwenye 8 ndani ya 15 anatoka kwa sheria ileile ya raia anayeukana uraia.

Seif 20:48
Kumbe mtoto wa Novemba, Januari ana miaka miwili 😂😂

Mama Nuru 20:49
😂😂 Seif wewe

Seif 20:49
Basi mie nishastaafu

Da Mwana 20:51
Seif, tafadhali. Hili halingoji.

Nuru 21:10
Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Ndo natoka kazini huku. Sheria gani hiyo? Mimi raia inanigusa?

Da Mwana 21:16
Marahaba mwanangu. Inakugusa wewe kuliko yeye. Iko tangu Juni 2008. Akishafika hiyo miaka 8, wanampima kwa vitu vitatu, na kimoja kinatosha kumnasa. Mali ya dola milioni 2, hana. Wastani wa kodi ya mapato uliozidi dola 206,000 kwa mwaka kwa miaka 5, hana. Cha tatu ni kuapa kwenye Fomu 8854 kwamba miaka 5 iliyopita alitimiza kodi zote. Asipoweza kuapa, kanaswa hata kama ni fukara.

Da Mwana 21:18
Kodi ya kuondoka yenyewe, ile ya faida ya mali kana kwamba kaiuza yote, haimtishi, faida ya mpaka dola 890,000 mwaka huu inasamehewa. Kinachoniuma ni hiki: akinaswa, atakachokupa au kukurithisha, ukitoa msamaha mdogo wa kila mwaka, wewe uliye Marekani utakatwa 40%.

Nuru 21:20
Baba, ritani za 2023 na 2024 ulipeleka?

Baba Nuru 21:37
Sikuwa na kipato cha huko.

Nuru 21:37
Baba 😔

Da Mwana 21:40
Hizo utazijaza tu, kurudisha kadi hakuzifuti. Lakini ukiirudisha kabla ya mwaka kwisha, kile kipimo cha kiapo hakikuhusu. Na akaunti za nje ya Marekani zikipita dola 10,000 kwa jumla, hata kwa siku moja, nazo zina ripoti yake.

Seif 21:42
Pamoja na ile ya kiwanja?

Baba Nuru 21:44
Ile si yangu. Ni ya wote, mlisema ikae kwa jina langu.

Seif 21:45
Nani alisema? Mimi kwenye kikao kile sikuitwa. Nilipotaka igawanywe nikaonekana mlafi.

Baba Nuru 21:46
_Ujumbe huu umefutwa_

Seif 21:47
Nimeshausoma.

Da Mwana 21:52
Jamani. Kadi kwanza.

*Jumatatu, 15 Desemba 2025*

Bi Mkubwa 05:48
🎤 1:26

Mama Nuru 06:15
Kwa wasio na bando, mama anasema: "Baba Nuru, kadi hiyo ulipokwenda kuichukua uliniaga. Ukienda kuirudisha, niage pia. Na fedha ya kiwanja cha baba yenu, nataka kabla ya mwezi kwisha itajwe ni kiasi gani, na itajwe mbele ya Seif. Mimi sitaki kuondoka na jambo hili."

Da Mwana 06:40
Shikamoo mama. Tumesikia.

Baba Nuru 07:31
Shikamoo mama. Nimekusikia.

Baba Nuru 07:33
📷 Picha
Kadi hii hapa, nimeitoa.

Da Mwana 07:33
Futa hiyo picha! Namba zote zinaonekana.

Baba Nuru 07:35
_Ujumbe huu umefutwa_

Da Mwana 07:38
Itume kwa posta ya rejesta, na risiti ya kwamba imepokelewa. Tarehe ya risiti ndiyo ushahidi wako. Nakufuata leo saa 4.

Baba Nuru 08:20
Leo sitaweza dada. Labda Jumatano.

Da Mwana 08:21
Labda?

Mjomba 11:04
Salaam. Kuna kikao? Sikuwa hewani.

Seif 11:30
Jumatano tuanzie benki.